Mwezi mzuri wa kinga Lubumbashi si Julai

Hali ya hewa ninayoipenda kwa kuendesha kinga, yaani baiskeli kwa Kiswahili chetu cha hapa Lubumbashi, haikai sana. Inaingia katikati ya Aprili, mvua zinapoanza kuchoka, na Mei ikiisha nayo imekwenda. Katika wiki hizo asubuhi inaamka na digrii 12 au 14, kufika saa nne ni 20 na kitu, na mchana haupandi sana kupita 27. Udongo bado una unyevu chini, kwa hiyo vumbi halijapata nguvu ya kuinuka. Nyasi za porini ni mbichi, hakuna aliyezichoma. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kipushi asubuhi ya namna hiyo, unaona mbali, na ukivuta pumzi unavuta hewa tu.

Wenzangu wengi watapinga. Ukiwauliza wapanda kinga wa mji huu, wengi watakutajia Juni na Julai. Hakuna mvua, njia ni kavu mpaka vijijini, na jua la mchana ni laini, 25 au 26. Hoja hizo nazielewa, na miaka mingi nilizirudia mwenyewe. Lakini kadiri ninavyoendelea kuendesha, ndivyo ninavyoona kwamba swali la digrii ngapi zinafaa halijibiwi na kipimajoto peke yake. Linajibiwa kwanza na kazi mwili unayofanya juu ya kinga, pili na upepo unaoupata au unaoukosa, tatu na kile kilichomo ndani ya hewa yenyewe. Julai yetu inashinda kwa kipimajoto na kushindwa kwa hayo mengine.

Kwa msomaji asiyeujua mji huu, niseme kwanza tuko wapi. Lubumbashi iko kusini-mashariki ya Kongo (DRC), juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na iko mbali na ikweta kiasi, kusini ya digrii 11. Ndiyo sababu mwaka wetu una sura tofauti kabisa na mwaka wa ndugu zetu wa Goma na Bukavu, mashariki ya nchi, karibu na ikweta. Wao miezi yao inafanana kwa joto. Tofauti kubwa ni mvua. Sisi tuna miezi ya kutetemeka na miezi ya kuungua. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hukatika karibu kabisa. Anga linakuwa wazi usiku, joto la ardhi linapanda juu na kupotea, na alfajiri ya Julai inaweza kuteremka mpaka 6 au 7. Mchana wa siku ileile unafika 26. Kwa hiyo ndani ya saa nane mwendeshaji anapita karibu digrii 20 za tofauti, na akivaa nguo za alfajiri atazichukia saa sita, na akivaa za saa sita atateseka alfajiri.

Oktoba ndiyo kilele cha joto. Jua linapita juu ya vichwa vyetu kuelekea mwisho wa mwezi huo, mawingu bado hayajakusanyika vizuri, na mchana unafika 32, 33, siku nyingine zaidi. Kisha Novemba mvua zinashika mpaka Machi, na joto linashuka kidogo: asubuhi 16 au 17, mchana 27 au 28. Huo ndio mwaka wetu kwa ufupi.

Sasa mwili. Misuli ya binadamu inapokanyaga pedali, sehemu ndogo tu ya nguvu inayotumika inafika kwenye cheni, kama robo au chini ya robo. Zingine zote zinageuka joto. Mtu anayekwenda mwendo wa kawaida na kutoa wati 100 kwenye pedali anazalisha pia wati 300 na zaidi za joto ndani ya mwili wake, sawa na balbu tatu za zamani za wati 100 zikiwaka chini ya shati. Joto hilo lazima litoke. Linatoka kwa upepo unaopita kwenye ngozi na kwa jasho linalokauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote inaondoka na joto kubwa sana, zaidi ya kilojuli 2,400. Ila jasho linalodondoka chini bila kukauka haliondoi kitu. Hilo ni maji uliyoyapoteza bure.

Mwaka 1997 watafiti wawili huko Scotland, Stuart Galloway na Ronald Maughan, walitoa matokeo ya jaribio ambalo mtu yeyote anayependa kinga angefurahi kulijua. Waliwachukua wanaume wanane, wakawaendeshesha baiskeli ya maabara kwa nguvu ileile mpaka kila mmoja alipochoka kabisa, na kila mmoja akarudia katika vyumba vya joto nne: digrii 4, 11, 21 na 31. Waliodumu zaidi ni wale wa 11, kwa wastani dakika 93 hivi. Katika 4 na katika 21 wakadumu dakika 81 hivi. Katika 31 zikawa 51 tu. Watu walewale, nguvu ileile, na karibu nusu ya muda imepotea kwa sababu ya joto la chumba.

Ukisoma matokeo hayo haraka utasema: basi alfajiri ya Julai ya Lubumbashi ndiyo yenyewe, 8 mpaka 11, kama ya maabara. Mimi nilipoyasoma nilijiuliza juu ya upepo. Baiskeli ya maabara haiendi popote. Hewa ya chumba kile ilikuwa karibu imetulia. Barabarani, mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa anajitengenezea upepo wa kilomita 20 kwa saa hata kama hakuna jani linalotikisika. Hewa ya digrii 7 kwenye upepo huo inagusa ngozi kama hewa ya 4 hivi. Mikono iliyoshika usukani ndiyo inayolipa kwanza. Vidole vinakufa ganzi, na vidole vya ganzi havivuti breki vizuri. Hiyo ni hatari ya kweli unaposhuka kuelekea mto Lubumbashi asubuhi na basi dogo linasimama ghafla mbele yako kuchukua abiria. Macho yanatoa machozi. Magoti yanakuwa mazito kwa nusu saa ya kwanza.

Kwa hiyo kwa mwendeshaji mwepesi, asiye na mzigo, anayekwenda kilomita 18 mpaka 25 kwa saa kwenye lami, ile 11 ya maabara inapanda. Kwangu mimi inafika kati ya 18 na 22. Hapo sihitaji koti, vidole vinafanya kazi, jasho linatoka na kukauka bila kulisikia, na nikipanda mlima pole pole sipati kuchemka. Chini ya 12 nataka kitu kifuani. Gazeti chini ya shati bado ndiyo dawa rahisi kuliko zote, linazuia upepo kifuani na unalitupa ukipata joto. Juu ya 28 naanza kuhesabu maji.

Nimesema kwa mwendeshaji mwepesi, kwa sababu hapa kwetu watu wa kinga walio wengi si wepesi. Kila anayeishi Lubumbashi anawajua wauza makala, yaani makaa ya kupikia, wanaoingia mjini kabla ya jua: kutoka upande wa Kasenga, upande wa Likasi, upande wa Kipushi, kilomita 30, 50, wengine zaidi. Kinga zao ni za chuma kizito, zimeongezewa vyuma vya kushikilia, na juu yake kuna magunia yamefungwa kwa kamba za mpira mpaka mwenyewe haonekani ukimtazama kwa nyuma. Penye tambarare na mteremko anapanda kinga. Penye kilima anashuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani, bega kwenye gunia.

Mtu huyo anasukuma kwa mwendo wa miguu, kilomita 3 au 4 kwa saa. Hana upepo hata kidogo. Na nguvu anazozitoa ni nyingi kuliko zangu mara dufu, pengine zaidi kwenye kilima kirefu. Joto lake lote linabaki naye. Asubuhi moja ya Julai barabara ya Kasenga nilimfikia mmoja wao akipanda. Mimi nimevaa koti, soksi kwenye mikono na kitambaa shingoni, yeye yuko na singlendi (fulana isiyo na mikono) tu, mvuke unatoka mabegani. Nikamwamkia, nikamuuliza: “Papa, hii baridi haikusumbue?” Akanijibu bila kusimama: “Baridi haina neno, mwana. Jua njo inaua.” Yaani jua ndilo linaloua.

Kwa yeye, jibu la maabara ni sahihi kabisa, hata 8 ni nzuri. Kinachombana ni saa. Mwezi wa Juni jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na baridi inadumu mpaka saa mbili, saa mbili na nusu, ana nafasi. Mwezi wa Oktoba jua liko juu kabla ya saa kumi na mbili, na saa mbili tayari linachoma. Ndiyo maana Oktoba wanatoka vijijini usiku wa manane, au wanatembea usiku kucha. Tunaowapita kwa magari na kinga nyepesi tunawaona gizani bila taa, na wengi tunakasirika. Wanaendesha usiku kwa sababu mwili wenye magunia hauwezi kupita kwenye digrii 32 na ukafika. Nataka madereva wa mji huu walijue hilo. Punguza mwendo kwenye milango ya mji kati ya saa tisa na saa kumi na mbili alfajiri, hasa mwezi wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja, mpaka mvua zishike. Na wauza makala wenyewe, wengine wameanza kufunga kitambaa cheupe au plastiki inayong'aa nyuma ya gunia. Kinaonekana kwenye taa za gari kutoka mbali. Gharama yake si kitu.

Narudi Julai, na sababu yangu kubwa ya kuikataa. Ni hewa. Usiku wa baridi na anga wazi, hewa nzito ya baridi inalala chini, na hewa ya juu yake ni ya vuguvugu. Moshi unaotoka chini haupandi. Unafika urefu fulani na kutandaa. Na mji huu kila jioni na kila asubuhi unawasha mbabula (majiko ya makaa) kwa maelfu, takataka zinachomwa viwanjani, na kutoka Juni kwenda mbele pori linaungua pande zote. Alfajiri moshi huo wote umekaa katika bonde la mto, katika komuni (mitaa mikubwa ya mji) za Kenya na Katuba, kwa urefu wa kichwa cha mtu. Mwendeshaji anavuta hewa mara kadhaa kuliko aliyekaa, na anavuta kwa mdomo. Nikiendesha saa kumi na mbili asubuhi ya Julai kutoka Katuba kwenda mjini, koo linawasha mpaka saa sita. Nikingoja mpaka saa tatu, jua limepasha ardhi, hewa imechanganyika, moshi umepanda. Mtu wa kazi ya saa mbili hawezi kungoja. Lakini anayeendesha Jumapili kwa afya anaweza, na namshauri angoje: kwenye baridi kali ya Julai, kutoka saa tatu na nusu ni bora kuliko kutoka saa kumi na mbili, kwa mapafu na kwa vidole vilevile.

Kisha Agosti inaleta upepo. Unatoka kusini-mashariki, kavu, na unabeba udongo mwekundu. Wanaojua barabara ya Kasumbalesa, inayoelekea kusini-mashariki mpakani na Zambia, wanajua maana yake: kwenda ni kupigana, kurudi ni kusukumwa. Kanuni ya zamani ya waendeshaji wote ni kuanza na upepo usoni ukiwa na nguvu, urudi nao mgongoni ukiwa umechoka. Kanuni hiyo ingekupeleka Kasumbalesa, na mimi sikupeleki huko. Malori ya shaba na kobalti yamejaa barabara ile usiku na mchana, na lori moja likikupita kwenye vumbi la Agosti, kwa sekunde kadhaa huoni kitu na wewe mwenyewe huonekani. Nenda Kipushi, upepo utakupiga ubavuni, uvumilie.

Kuna jambo lingine la baridi ambalo watu hawalisemi: inapunguza mwendo. Hewa ya baridi ni nzito. Kati ya digrii 8 na 30 tofauti ya uzito wa hewa ni karibu asilimia 8, na kwenye tambarare, ukishapita kilomita 20 kwa saa, kazi kubwa ya miguu ni kuisukuma hewa. Ongeza koti linalopepea. Ndiyo sababu njia ileile ya kwenda kazini inachukua muda mrefu zaidi Julai kuliko Aprili, na si uvivu. Faraja yetu ni urefu wa mji: kwenye mita 1,200 hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani, mwaka mzima.

Na hewa ya ndani ya matairi nayo inabadilika. Ukijaza tairi alfajiri ya baridi mpaka ligume kabisa, kisha ukaiacha kinga juani mchana wa Oktoba, shinikizo linapanda; kwa tairi la kawaida ni karibu nusu bar (kipimo cha shinikizo). Tairi jipya linavumilia. Tairi lililoshonwa ubavuni, lenye mpira wa ndani uliowekwa viraka vinne, halivumilii, na gundi ya kiraka yenyewe inalainika kwenye joto. Kwado (fundi wa matairi) yeyote wa Katuba atakuambia mwezi gani anapata kazi nyingi. Weka kinga kivulini. Kama hakuna kivuli, punguza hewa kidogo.

Juu ya Oktoba sina mengi ya kuisifu isipokuwa mijakaranda ya mjini, ambayo inachanua kabla ya mvua na kutoa kivuli kwenye barabara chache zilizobahatika. Natamani kila barabara inayotoka katikati ya mji kwenda kwenye komuni ingekuwa nayo. Kivuli hakibadilishi kipimajoto, lakini jua la moja kwa moja ndilo linalomaliza mwendeshaji, pamoja na lami inayorudisha joto kutoka chini. Mwezi huo naendesha kabla ya saa mbili au baada ya saa kumi na moja jioni, basi. Maji nusu lita mpaka lita nzima kwa kila saa, na chumvi kidogo kwenye chakula baadaye.

Mtu anaweza kuuliza: mbona digrii 31 za Septemba zinavumilika kuliko 27 za Januari? Ni unyevu. Septemba hewa ni kavu, jasho linakauka papo hapo na kubeba joto. Januari, baada ya mvua, hewa imeshiba maji, jasho linabaki kwenye ngozi na kuteremka. Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, mwaka 2024 lilianza kutumia utaratibu wa joto kali katika mashindano, na halikutumia digrii za kawaida. Linatumia kipimo kinachojumlisha joto la hewa, unyevu, upepo na ukali wa jua, na kipimo hicho kikifika 28, ni eneo jekundu: waandaaji na waendeshaji wanakaa kuamua kama saa ya kuanza ibadilishwe au mbio zifupishwe. Angalia kwamba 28 ya kipimo hicho si 28 ya kipimajoto cha ukutani. Siku kavu yenye 33 inaweza kuwa chini yake, na siku yenye 30 na unyevu mwingi, jua likiwaka kati ya mawingu, inaweza kuipita. Mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika Afrika, sisi wa huku tulitazama kwa makini kwa sababu Kigali nayo iko juu, juu zaidi kuliko sisi. Wanaume walikimbia kilomita 267 za vilima, akashinda Tadej Pogačar, na waliomaliza walikuwa wachache sana. Vilima, urefu na joto la mchana vilifanya kazi pamoja. Kwenye kilima unakwenda pole, upepo wako unapungua wakati joto lako linapanda. Ni shida ileile ya mtu wa makala.

Miezi ya mvua naipenda zaidi kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi ya Desemba baada ya mvua ya usiku ni 17 au 18, hewa imeoshwa, harufu ya udongo inapanda, na kwenye barabara ya Likasi akina mama wamekaa na bowa (uyoga) wabichi kwenye majani na maembe kwenye beseni. Ukitoka na kurudi kabla ya saa tano, umeendesha katika hali nzuri kabisa. Mvua yetu nyingi hupiga mchana na jioni. Tatizo ni njia. Shimo lililojaa maji halikuambii kina chake, na mashimo ya Lubumbashi mengine yanameza gurudumu. Breki za mpira zikilowa zinashika kwa kuchelewa. Zishike kidogo kidogo mapema, zikauke, ndipo uzitegemee. Mvua ya kwanza kabisa, ile ya Oktoba au Novemba, ndiyo ya kuogopwa zaidi kwenye lami, kwa sababu mafuta ya magari ya miezi mitano yanaelea juu na barabara inateleza kuliko itakavyoteleza Januari nzima. Na udongo mwekundu uliochanganyika na maji unakula cheni. Pangusa, tia mafuta, kila mara.

Radi ni jambo ambalo silifanyii mzaha. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie mlio. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shuka, ingia nyumbani mwa mtu. Hapa kwetu hakuna atakayekufukuza. Utapewa kiti na pengine bukari (ugali). Usisimame chini ya mti uliosimama peke yake, usijikinge kwenye kibanda cha nyasi kilicho wazi, na usiamini kwamba matairi ya mpira yanakulinda. Hayakulindi. Subiri nusu saa baada ya mlio wa mwisho.

Rafiki yangu mmoja alikuja kutoka Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako ni chini na kuna joto. Alifika Juni. Wiki ya kwanza alikataa kabisa kupanda kinga kabla ya saa nne, na tulimwona kama mtu anayejibembeleza. Oktoba ilipofika, sisi tukiwa tumelala chini ya miembe, yeye anaendesha saa nane mchana anaimba. Mwili unajifunza joto. Ukikaa kwenye joto na kufanya kazi humo siku 10 mpaka 14, damu inaongezeka maji, jasho linaanza mapema na linatoka na chumvi kidogo, moyo unapiga taratibu zaidi kwa kazi ileile. Mtu akihama anaanza upya. Kwa hiyo mtu akiniambia anapenda digrii 30, sibishani naye. Namuuliza kwanza amekaa wapi mwaka huu. Na anayetoka baridi ya Julai kuingia Septemba, asianze na safari ndefu. Aongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili, mchana mfupi mfupi, mwili utamfuata.

Mimi likizo yangu naiomba mwisho wa Aprili. Wenzangu kazini wanashangaa, kwa sababu hakuna sikukuu kubwa wala shule hazijafungwa. Nakwenda Kipopo kwa kinga, kwa kuwa barabara ile ina magari machache baada ya kuacha mji, na vichuguu vikubwa vya pori la miombo vinakupa kivuli cha kukaa ukichoka. Natoka saa moja asubuhi kwenye 14, na shati moja la mikono mirefu ambalo nalivua saa tatu. Nikifika ni 22. Nakula, nalala kidogo, nageuza usukani saa tisa kwenye 27, upepo bado haujazaliwa. Anayetaka kuja mwaka huu aniandikie kabla ya Pasaka, alete mpira wa ndani wa akiba na pampu inayofanya kazi, kwa sababu baada ya Kasapa kwado ni wachache.